Asishuke Mtu Mpaka Macho Yatulie

Nimestaafu. Msicheke kwanza. Najua sina mvi, na juzi hapa Gongoni mwenye duka aliniita "binti" nikamwitikia vizuri tu. Lakini kazi yangu ilikuwa kusukuma bembea la kuzunguka, kwa mikono na magoti, na magoti yangu yamestaafu kabla yangu. Mwenye magoti yaliyostaafu hana ujanja, anayafuata.

Bembea langu wamelinunua Kulwa na Doto, vijana wawili wa mtaani kwetu, na wamelifunga mota. Siku walipokuja kulibeba, Kulwa aliniuliza, "Dada, hili bembea lina siri gani? Watoto wa Tabora nzima wanakujua." Nikamjibu kwamba siri ni kukaza nati. Akaridhika. Mimi sikuridhika, kwa sababu ndivyo nilivyo: jibu likishatoka mdomoni ndipo naanza kuliona tundu. Kwa hiyo nawaandikia ninyi wawili, na vijana wengine mnaoingia kwenye kazi hii, jibu lililokamilika zaidi. Nati zikazeni, ndiyo. Ila bembea haliko kwenye nati. Liko kwenye macho ya mtoto.

Kwanza mnijue. Bembea lilianzishwa na kaka yangu. Lilichomelewa na fundi mmoja hapa hapa Gongoni: nguzo ya chuma katikati, mikono minane, na kila mkono una kiti cha mbao. Farasi wawili, twiga, tembo, gari, pikipiki, samaki, na ndege. Ndege ndiyo iliyokuwa ikigombaniwa. Kaka alipokwenda Dar es Salaam kutafuta maisha aliniambia nilitunze wiki mbili tu. Nadhani bado anatafuta. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kukosea, na mimi ni mtu ambaye kukosea kunanikosesha usingizi.

Nitakiri: kila asubuhi nilikaza nati zote, kisha nikazirudia, kisha nikiwa nimeshakaa kunywa chai nikainuka kwenda kugusa ile ya ndege. Wenzangu wenye vibanda vya karanga walinicheka. "Dada Bembea," wakasema, "hiyo nati umeishika mpaka imekuwa ndugu." Na nitakiri jambo lingine ambalo kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Mimi mwenyewe sikuwahi kupanda bembea langu. Nilijiuliza, nikipanda mimi, nani atakuwa chini anaangalia nati?

Sasa nianze na Bukene, maana aibu ikishatolewa mapema mwili unakuwa mwepesi.

Nilikuwa mgeni kabisa kwenye kazi. Tulikuwa tunazunguka kufuata magulio na sikukuu, vyuma vikipakiwa kwenye lori, mimi juu ya vyuma. Nilikuwa nimegundua kwamba watoto wakishuka wanayumba, wengine wanakaa chini kwa kishindo, na mimi sikupenda. Nilitaka mtoto ashuke kama alivyopanda. Nikawaza sana. Nikakumbuka mabembea ya kamba tuliyofunga nyumbani: unamzungusha mwenzio mpaka kamba inajisokota, ukimwachia, inazunguka kinyume na kusokotoka, mwisho inanyooka. Nikasema hapa ndipo pa kushika! Mtoto akizungushwa anajisokota. Dawa ni kumsokotoa.

Basi siku ya gulio pale Bukene nikawapandisha watoto, nikawasukuma kwa nguvu zote upande wa kulia, nikashika chuma, nikalisimamisha bembea ghafla, na papo hapo nikaanza kulisukuma kushoto.

Wale watoto walikuwa wamekula matobolwa. Mnajua matobolwa yalivyo, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, mtoto anatembea navyo mfukoni anatafuna siku nzima. Yalirudi yote. Aliyekuwa kwenye farasi alimtapikia wa kwenye twiga, wa kwenye twiga akamlipa wa kwenye tembo. Mama mmoja akapiga kelele, "Wewe binti! Hao ni watoto au ni nguo unazikamua?"

Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikafikiri: kosa langu ni moja, sikuhesabu. Mizunguko ya kushoto haikulingana na ya kulia. Nikaosha viti, nikapandisha kundi la pili, nikahesabu kwa uangalifu wote niliojaliwa na Mungu, nikawazungusha kinyume sawasawa bila kuzidisha wala kupunguza. Kundi la pili likawa baya kuliko la kwanza.

Ndipo akaja Mzee Kapaya. Alikuwa mstaafu wa reli, maisha yake yote alikuwa mtu wa breki kwenye mabehewa ya mizigo, na mjukuu wake alikuwa mmoja wa waliotapika. Nikapiga goti. "Shikamoo mzee. Nisamehe."

"Marahaba. Inuka, utachafuka." Akalizunguka bembea, akaigonga nguzo kwa fimbo. "Chuma kizuri. Nani alikufundisha kusimamisha?"

"Hakuna, mzee."

"Inaonekana. Mimi ningesimamisha treni hivi, ningekuwa jela." Akakaa kwenye samaki, kiti pekee kilichokuwa kikavu. "Sikiliza. Injini ikisimama ghafla, mabehewa ya nyuma hayana habari. Yenyewe bado yanasafiri. Yanakuja yanagonga ya mbele. Sasa wewe umesimamisha injini, halafu kabla mabehewa hayajafika, umeipeleka injini nyuma. Yatakutana wapi?"

"Tumboni," nikasema.

Alicheka mpaka akakohoa. "Tumboni! Haya. Treni husimamishwa kidogo kidogo, mpaka behewa la mwisho lipate habari. Na abiria hashuki kabla halijasimama lote."

Sikuelewa habari ya mabehewa ndani ya kichwa cha mtoto, lakini ile "kidogo kidogo" niliielewa. Nikaenda kumpangusa mjukuu wake, aliyekuwa bado ameng'ang'ania shingo ya farasi. Nikachuchumaa mbele yake kumwomba radhi, uso kwa uso. Hapo ndipo nilipoona. Macho yake yalikuwa yanatembea. Yalikwenda polepole upande mmoja, kisha yakaruka kurudi, yakaenda tena, yakaruka tena, kama ya mtu anayesoma mistari ya gazeti kwa pupa. Mtoto mwenyewe ametulia tuli. Macho tu.

Nikapiga ukunga. "Mzee, nimemharibu mtoto!"

"Ngoja," akasema Mzee Kapaya, naye akainama kuangalia. Tukangoja. Mtoto akanikodolea pua. Yale macho yakapunguza, yakapunguza, yakatua. Mtoto akasema, "Nataka kupanda ndege."

"Unaona," akasema mzee. "Behewa la mwisho limefika."

Kuanzia siku ile nikawa na utaratibu wangu, na huu ndio ninaowaachia. Kwanza, bembea lisimamishwe polepole, mkono ukiegemea chuma, usikivute. Pili, likishasimama, asishuke mtu. Mtoto abaki ameshika mti wa kiti chake, akuangalie wewe puani, maana macho yakipata kitu cha kushika yanatulia upesi. Mimi nilipita kiti kwa kiti nikiangalia macho, huku wote tukisali Salamu Maria mbili. Kwa mtoto mzima, ya pili haijafika "Amina" macho yameshatua. Watoto wa Moraviani walisali Baba Yetu, wa Kiislamu hapa mjini wakati wa Idi walisoma Alhamdu, na kulikuwa na mmoja pale Usoke ambaye baba yake alikuwa shabiki wa mpira, yeye alitaja wachezaji. Sikuwa na ubaguzi. Nilichotaka ni muda upite na mtoto asijue kwamba anangojeshwa.

Mambo mengine ni ya kawaida. Mtoto aliyetoka kula, mwambieni aangalie wenzake kwanza. Wakipanda wawili kiti kimoja, mdogo akae upande wa nguzo, mkubwa nje. Anayesema "mimi siogopi" mara tatu, huyo anaogopa. Na mchanga. Muwe na ndoo ya mchanga daima, wa kufunikia matapishi. Mota yenu ni nzuri, inazunguka bila kuchoka, ila ikizimwa inasimama kwa kishindo. Mwambieni fundi awawekee namna ya kuipunguza. Mkishindwa, zimeni mapema na muiache izunguke yenyewe mpaka ichoke.

Hayo ni ya watoto wote. Sasa niwaambie ya mtoto mmoja, kwa sababu bila yeye mngeweza kudhani kwamba kila jicho linalocheza ni kazi ya bembea.

Ilikuwa Usoke, msimu wa kuuza tumbaku, wakati kila familia ina nguo mpya na kila mtoto ana hamu. Kulikuwa na msichana mdogo anaitwa Devota, wa umri wa kuanza darasa la awali, kavaa gauni la buluu lenye mkanda unaoburuza chini. Alipanda ndege. Nikasimamisha vizuri, tukasali, nikamwangalia macho: yametulia kabisa. Akashuka, akanunua barafu, akaila yote na kulamba mfuko, akarudi kwenye foleni. Muda ulikuwa umepita wa kutosha, makundi mengine yalikuwa yamepanda na kushuka.

Nilikuwa nimesimama, bembea limesimama, napandisha watoto. Mara nikashikwa mguu. Devota alikuwa ameniparamia paja kwa mikono yote miwili, uso umegeuka rangi ya majivu, anapiga kelele, "Dada, simamisha! Simamisha!"

"Nisimamishe nini, mama? Limesimama."

"Simamisha!"

Nikachuchumaa. Macho yalikuwa yanatembea na kuruka, kama yale ya Bukene. Lakini huyu hakuwa amezungushwa na mtu. Nikamuuliza jina lake, akalitaja. Nikamuuliza mama yuko wapi, akaonyesha kwa kidole. Alikuwa na akili zake zote, ila dunia ilikuwa inamkimbia. Nikamkalisha, nikamwambia niangalie pua. Salamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Bado. Akatapika barafu kidogo. Nikaendelea kusali bila kujua nasali nini, nadhani nilichanganya na Kanuni ya Imani.

Wakafika mama yake na bibi yake mzaa baba. Yule bibi siwezi kumsahau. Mwembamba, mrefu, na kichwani amejifunga kipande cha kanga, kimekaza paji la uso kama kamba ya mzigo. Kabla hajafika alishaanza kusema.

"Umemfanya nini mtoto wangu?"

"Shikamoo bibi. Alikuwa amesimama tu..."

"Amesimama wapi? Nimemwona kwa macho yangu kwenye hilo dude lako. Umemzungusha akili! Hiyo ni degedege umemletea!"

Watu wakajaa. Mwingine akasema si degedege, ni kifafa, ameona macho. Neno hilo likapita kwenye umati kama moto kwenye nyasi kavu, na nikamwona mama yake Devota akifumba macho kama mtu aliyelijua neno linakuja na sasa limefika.

"Mrudishe," akasema Bibi.

"Nimrudishe wapi, bibi?"

"Umemzungusha huku. Mzungushe huku, atoke ulichomwekea!"

Kijana mmoja mwenye baiskeli akadakia. "Eeh! Huyu si ndiye wa Bukene? Mimi nilikuwepo. Kule alikuwa anawazungusha na kuwarudisha. Mbona sisi Usoke unatubania?"

Wakacheka baadhi, lakini wengi wakakubaliana naye. Kweli, mbona Usoke tunabaniwa? Nikaona upuuzi wangu wa zamani umepanda treni, umeshuka Usoke, na sasa unanisubiri mbele ya watu. Nusu yangu ilitaka kufanya walichotaka ili yaishe. Kumpandisha, kumzungusha polepole kushoto, wote waende nyumbani. Nusu nyingine ilikumbuka matobolwa.

"Sifanyi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Sifanyi, bibi. Bukene nilikosea. Watoto walizidi kuumwa. Nikimzungusha tena nitamwongezea."

"Mnasikia? Utaongezaje kitu ambacho hukukiweka?" akasema Bibi.

Sina majibu ya haraka, yangu huja kesho yake nikiwa naosha vyombo. Aliyeniokoa ni Devota mwenyewe. Wakati tunabishana, rangi ilikuwa imemrudia. Alijifuta mdomo kwa mkanda wa gauni, akamvuta bibi yake nguo. "Bibi, nataka tembo. Ndege nimeshapanda."

Kisha kila mtu akasema lake, na Bibi akambeba mtoto begani akaondoka naye, akiniambia bila kugeuka kwamba hilo dude lisizunguke tena Usoke mpaka mjukuu wake apone.

Jioni, nikiwa nakaza nati kwa mara sijui ya ngapi, mama yake Devota akaja peke yake. Alisimama upande wa pili wa nguzo, kama mtu anayeungama kupitia kidirisha.

"Dada, usijisumbue na hizo nati," akasema. "Si bembea. Imemtokea hata kabla hujaja. Mara moja nyuma ya bani, tukikausha tumbaku. Mara moja kanisani. Inakuja, inakwisha, anacheza."

"Mbona hukusema pale?"

"Ningesema kwamba ni ya zamani, wangepata uhakika kwamba ni kifafa. Mwalimu wa awali ameshasikia minong'ono. Amesema nimuache nyumbani kwanza, wazazi wengine wanaogopa watoto wao kukaa naye. Bibi yake naye akisikia kifafa, atampeleka kwa mganga, na huko atakaa sijui mpaka lini." Akaishika ile ndege, akaitikisa kidogo. "Nilikuacha ubebe wewe. Nisamehe."

Sikumkasirikia. Kwa kweli nilifurahi kidogo, maana nati zangu zilikuwa salama. Kisha nikaona haya kwa kufurahi. "Twende hospitali Tabora," nikamwambia. "Mimi nimeona macho yake kwa karibu. Nitasema nilichokiona."

Bibi alikubali kwa sharti moja: na yeye aje. Alisema anataka kusikia kwa masikio yake nikitajwa kwamba mimi ndiye mkosaji. Tukapanda basi la alfajiri sote wanne, yeye na kanga yake kichwani, akikunja uso kila jua likipiga dirishani.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mchangamfu. Devota, kama walivyo watoto wote wakifika hospitali, hakuwa na ugonjwa wowote. Alirukaruka. Daktari akamtembeza juu ya mstari wa sakafu, akamfanya afuate kalamu kwa macho, akamchungulia masikio, akampima kusikia, akamwambia asimame amefumba macho. Kisha akauliza maswali. Anapoteza fahamu? Nikasema hapana, alinitajia jina lake. Anatetemeka mikono na miguu? Hapana, alininyonga paja kwa nguvu. Inachukua muda gani? Salamu Maria ngapi sijui, nikasema, lakini barafu ya mwenzake aliyekuwa nyuma yake haikuwa imeyeyuka. Akaliandika hilo akicheka. Akamuuliza mama kama mtoto hushika majani mabichi ya tumbaku, hasa yakiwa na umande, kwa sababu sumu yake hupita kwenye ngozi na kumzungusha hata mtu mzima. Mama akasema hamruhusu. "Endelea kutomruhusu," akasema daktari.

Kisha akauliza, "Katika ukoo wenu, nani anaumwa kipandauso?"

Mama yake Devota akaangalia chini. Mimi nikaangalia dari. Devota akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye ile kanga. "Bibi."

"Mimi?" akasema Bibi. "Mimi kichwa changu ni cha kuzaliwa nacho. Kinanipanda huku, jua silitaki, sauti siitaki. Nikiwa mdogo ilikuwa dunia inageuka, naanguka nashika miguu ya mama yangu..." Alisikia mwenyewe alichokisema.

Daktari akaeleza taratibu. Ndani ya sikio, nyuma kabisa, mna vijifereji vyenye majimaji, navyo huuambia ubongo kichwa kinaelekea wapi. Ukizungushwa, majimaji yanazunguka. Ukisimama ghafla, yenyewe bado yanakwenda, na macho yanayafuata. Nikamkumbuka Mzee Kapaya na mabehewa yake, nikatabasamu peke yangu. Kwa watoto wengine, akasema, ubongo hupata taarifa hizo bila kuzungushwa na mtu. Ni kizunguzungu cha utotoni, ndugu yake kipandauso, kinakuja na kuondoka ghafla, na wengi hukiacha wanapokua. Kwa anavyoona si kifafa. Ila hataki kuapa kwa kuona mara moja. Tumrudishe amwangalie tena, na ikitokea nyumbani, mama achukue simu ampige video, macho yaonekane. Na akipoteza fahamu, au akishindwa kutembea vizuri baada ya hapo, au akiamka asubuhi na kichwa kikali na kutapika, au akigonga kichwa, tusisubiri siku ya miadi, twende mara moja.

Wakarudi Tabora baadaye na video. Mama alikuwa ameichukua jikoni, imetikisika, lakini macho yanaonekana. Daktari akaiangalia, akamwangalia Devota, akasema vilevile.

Lakini Usoke haikuwa imekwenda hospitali. Usoke ilikuwa palepale inangoja, na bembea langu limefungwa kamba. Tuliporudi ile siku ya kwanza watu walikuja kumsikiliza Bibi, maana yeye ndiye aliyelifunga. Bibi akasimama katikati. Akaniangalia mimi, akaliangalia bembea.

"Daktari amesema bembea huzungusha kila mtu, na kwamba inakwisha," akasema. "Nataka kuona. Wewe mwenyewe panda."

"Bibi, mimi ndiye ninayesukuma."

"Mkwe wangu atasukuma. Ana mikono. Panda."

Nikasema nikague nati kwanza. Umati ukaguna. Nikakagua ya ndege tu, nikapanda, magoti yakanigusa kidevu. Mama yake Devota akaanza kusukuma, na mtu anayekausha tumbaku ana mikono kweli. Usoke ikaanza kukimbia: vibanda, baiskeli, mnara wa kanisa, kanga ya Bibi, vibanda, baiskeli, mnara, kanga. Nilipiga kelele ambayo hata leo watu wa kule wakikutana nami wananiigiza. Mama Devota hakujua mambo ya behewa la mwisho. Alisimamisha kama mimi wa Bukene.

Nilitaka kuinuka upesi, nionekane mzima. Mkono mdogo ukanibonyeza goti.

"Bado," akasema Devota. Alikuwa amesimama mbele yangu, gauni lake la buluu, uso karibu na wangu. Nilimwona akienda upande, akarudi, akaenda tena. "Usishuke. Niangalie pua. Salamu Maria, umejaa neema..."

Bibi akainama naye, pua yake kando ya ile ndogo. "Mh! Yanacheza kweli," akasema kwa sauti. "Njooni muone." Wakaja, wakanichungulia kwa zamu kama samaki wa mnadani. Wengine wakaitikia Salamu. Ya pili ilipokaribia mwisho, pua mbili zilizokuwa mbele yangu zikatua mahali pamoja na kubaki pale.

"Yametulia," Devota akatangaza. "Unaweza kushuka."

Bibi akajinyoosha, akawageukia watu. "Mmeona macho ya huyu yakicheza. Nani hapa atasema ana kifafa? Nani anaogopa kukaa naye? Basi na mjukuu wangu hivyo hivyo. Tena yeye hakupewa na bembea. Kapewa na mimi." Akaigusa ile kanga, na sauti ikapanda kwa fahari. "Kanifuata mimi! Mwalimu akitaka kuuliza, aje aniulize mimi."

Mwalimu hakuuliza. Jumatatu Devota alikwenda darasa la awali, akakaa dirishani, na mama yake akawafundisha wenzake cha kufanya: wamkalishe, wamshike mkono, wasimpigie kelele, wamwite mwalimu. Kizunguzungu kilimrudia mara kadhaa, kisha kikawa cha nadra, kisha siku moja mama yake akanipigia simu kuniambia kwamba hakumbuki lini kilikuja mara ya mwisho. Kila msimu wa tumbaku nilipofika Usoke, Devota ndiye aliyepita kiti kwa kiti kuangalia macho. Mimi nilibaki na nati.

Kwa hiyo, Kulwa na Doto, mkifika kule msishangae. Kuna msichana wa sekondari, mrefu kama bibi yake, atakuja kusimama kando ya mota yenu. Hatawaomba ruhusa. Mkilisimamisha bembea kwa kishindo atawaambia, na mkimruhusu mtoto kushuka mapema atamrudisha kitini. Mpisheni. Na kabla hamjaondoka mjini, pandeni wenyewe, mmoja mmoja, mwenzenu akiwa chini. Nati msihofu. Nimepita jana mlipokuwa mmekwenda kula, nimezikaza.